Shauri la Lepcis Magna: Malalamiko Yaliyopitia Mikononi mwa Mlalamikiwa

Kati ya mwaka 363 na miaka michache baada ya 375, mji wa bandari wa Lepcis Magna, uliokuwa kwenye pwani ya Mediterania katika nchi ambayo leo ni Libya, ulivamiwa mara tatu, ukatuma wajumbe kwa Kaisari mara mbili, na mwishowe ukashuhudia baadhi ya watu wake wakiuawa kwa amri ya Kaisari yuleyule waliyemwendea kuomba ulinzi. Habari hizi ameziacha Ammianus Marcellinus, askari mstaafu wa Kiyunani aliyehamia Roma na kuandika huko historia ya zama zake, kazi aliyoikamilisha kuelekea mwaka 390. Kwa kawaida kisa hiki hutajwa kama mfano wa rushwa katika Dola ya Rumi ya karne ya 4. Rushwa ilikuwepo, tena ya wazi, lakini ukilitaja neno hilo na kuishia hapo, hujaeleza kwa nini mji uliokuwa na ushahidi wote mkononi ulishindwa kesi. Maoni yangu ni kwamba mji ulishindwa kwa sababu ya njia ambayo malalamiko yake yalilazimika kupita: karibu kila hatua kuelekea kwa Kaisari ilishikwa na mlalamikiwa mwenyewe, au na jamaa yake, au na mtu aliyekuwa na siri naye. Nitazifuata hatua hizo moja baada ya nyingine.

Lepcis haukuwa mji wa kusahaulika. Ulianzishwa na Wafoinike kwenye mdomo wa Wadi Lebda, karne kadhaa kabla ya Kristo, ukawa kwa muda mrefu chini ya himaya ya Karthago. Utajiri wake ulitoka kwenye mafuta ya zeituni yaliyokamuliwa katika mashamba ya pwani na ya vilima vilivyo nyuma yake. Warumi walipoutwaa hawakuwaondoa wakubwa wake. Annobal Tapapius Rufus, tajiri aliyegharimia soko la mji mwaka 8 K.K. na ukumbi wa maigizo miaka michache baadaye, alichongesha jina lake kwenye mawe kwa Kilatini na pia kwa lugha ya Kipuni ya wazee wake, na maandishi hayo yanasomeka hadi leo. Chini ya Kaisari Traianus mji ulipandishwa hadhi ukawa koloni la Kirumi. Mwaka 145 alizaliwa humo Septimius Severus, aliyetawala dola kuanzia 193 hadi 211, naye akaupa mji wake bandari mpya, uwanja mkubwa wa baraza, barabara yenye safu za nguzo, na basilika ambayo mwanawe Caracalla aliikamilisha mwaka 216.

Zama hizohizo za Severus ndizo zilizouwekea mji ulinzi wa mbali. Mwaka 201 askari wa Kirumi walianza kujenga ngome ya Bu Njem, kusini jangwani, na vigae vilivyookotwa humo vinaonyesha jinsi kazi ilivyofanyika: makarani waliandika kwa wino, siku kwa siku, idadi ya askari waliokuwa zamu, wagonjwa, na wageni waliowasili kutoka bara pamoja na punda na mizigo yao. Ulinzi wa namna hiyo hauzuii kila shambulio, lakini humwezesha mlinzi kujua nani anakuja kabla hajafika. Ngome hiyo iliachwa kabla karne ya 3 haijamalizika. Baadaye Diocletianus aliigawa dola upya, Tripolitania, yaani nchi ya miji mitatu ya Lepcis, Oea na Sabratha, ikawa jimbo lenye liwali wake. Katika mpango uliokuja kuzoeleka karne ya 4, liwali alihukumu kesi na kusimamia kodi, ilhali askari walikuwa chini ya mtu mwingine, jemadari wa Afrika, aliyewaamuru askari wa majimbo yote kutoka Tripolitania hadi magharibi ya mbali. Mpango huo ulikuwa na busara yake, kwani liwali asiye na jeshi hawezi kuasi kirahisi. Hata hivyo uliiacha Lepcis ikiwa na ukuta imara na watu wengi, bila mtu hata mmoja jimboni mwenye mamlaka ya kutoa askari nje ya lango.

Uvamizi wa kwanza ulitokana na hukumu. Stachao, mtu wa kabila la Austoriani lililokaa jirani na jimbo, alikuwa akitembea huru huku na huku wakati wa amani. Alishtakiwa kwamba anafanya hila za kulisaliti jimbo, akapatikana na hatia, akachomwa moto. Ammianus anasema ushahidi ulikuwa wa kuaminika, na kwamba ndugu zake walitumia dai la kuonewa kama kisingizio tu. Mimi nalipa dai hilo uzito kidogo kuliko alivyolipa yeye, kwa sababu adhabu ya moto kwa mtu wa kabila jirani ilikuwa jambo zito ambalo kabila zima lingelihesabu kuwa lake. Wakati Jovianus akiwa bado Kaisari, yaani kati ya katikati ya 363 na Februari 364, Austoriani walishuka. Waliuogopa ukuta wa Lepcis, hivyo wakapiga kambi kwenye viunga vyenye rutuba kando ya mji na kukaa siku tatu. Waliwaua wakulima ambao hofu iliwapooza, wakawalazimisha wengine kujificha mapangoni, wakachoma moto vitu ambavyo hawakuweza kuvibeba, kisha wakaondoka na ngawira nyingi. Miongoni mwa mateka alikuwamo Silva, mkubwa wa madiwani wa mji, ambaye alikutwa shambani pamoja na familia yake.

Watu wa Lepcis walifanya lililowapasa kisheria: walimwita Romanus, jemadari mpya wa Afrika. Naye akaja na askari wake. Alipoombwa awafuatie wavamizi, alijibu kwamba hatatoka mpaka aletewe chakula kingi cha jeshi na ngamia 4,000.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa kuwa idadi hiyo ndiyo inayomhukumu Romanus katika maandishi ya Ammianus na ndiyo pia inayoweza kumtetea. Ngamia mmoja wa mizigo hubeba kilo 150 au zaidi kwa safari ndefu, kwa hiyo ngamia 4,000 wangebeba tani 600 na ziada. Huo ni mzigo wa jeshi linalokusudia kuingia jangwani kwa wiki nyingi, likiwa na maji na nafaka zake. Jemadari anayetaka kuwafuata watu wepesi hadi makwao asingeweza kwenda bila wanyama. Miaka kadhaa baadaye askari wenyewe walipaza sauti kwamba watu wa Tripolitania hawakuweza kulindwa kwa kuwa walikataa kutoa mahitaji ya vita, na sioni sababu ya kudhani kwamba askari wote hao walifundishwa la kusema. Lakini utetezi huo unaishia hapo. Madiwani walijibu kwamba baada ya mashamba kuporwa na kuchomwa hawakuwa na uwezo wa kununua msaada kwa bei kubwa kiasi hicho, na jibu lao lilikuwa kweli mtupu, maana mali ya mji ilikuwa hayohayo mashamba yaliyoteketezwa. Tena Romanus hakuondoka siku ile. Alikaa siku 40 kwa kujifanya yuko kazini, kisha akaenda zake bila kujaribu lolote. Siku 40 zilitosha kulinda viunga, kuweka askari kwenye njia za kushukia pwani, au kuacha kikosi kidogo nyuma. Kwa kazi hizo hakuhitaji ngamia hata mmoja.

Mkutano wa mwaka wa baraza la jimbo ulipofika, wajumbe wawili, Severus na Flaccianus, walichaguliwa kwenda kwa Valentinianus, aliyekuwa ametawazwa Februari 364. Walipewa sanamu za dhahabu za mungu wa kike wa Ushindi, zawadi iliyozoeleka kwa Kaisari anayeanza kutawala, na wakaagizwa waseme bila woga jinsi jimbo lilivyoangamizwa. Njia hii ilikuwa halali kabisa. Mabaraza ya majimbo yalikuwa na haki ya kutuma wajumbe moja kwa moja kwa mtawala, na haki hiyo iliwekwa hasa kwa ajili ya siku ambayo maofisa walioko karibu hawasikii.

Romanus alipopata habari, alituma mpanda farasi wa mbio kwa Remigius. Huyu alikuwa mkuu wa ofisi za kasri, mtu ambaye kazi yake ilimweka kati ya Kaisari na kila mjumbe anayetaka kuonana naye. Alikuwa na uhusiano wa ndoa na Romanus, na kwa mujibu wa Ammianus alikuwa mshirika wake katika mapato ya uporaji. Ombi la Romanus lilikuwa fupi: uchunguzi wa jambo hili ukabidhiwe kwa makamu wa Afrika, yaani ofisa wa kiraia aliyewasimamia maliwali wa huko, na kwa Romanus mwenyewe. Wajumbe walifika, wakasimulia, wakatoa hati za maazimio yao. Remigius aliusimamia upande wa jemadari. Valentinianus hakuamini upande wowote, akaahidi uchunguzi kamili, na uchunguzi ukaahirishwa katikati ya shughuli nyingi za kasri.

Uamuzi huo wa Kaisari, ukiutazama peke yake, ulikuwa wa haki. Mtawala aliyepokea taarifa mbili zinazopingana alifanya vyema kukataa kuhukumu kabla ya kuchunguza. Kosa lilikuwa kwamba hakuwa na mtu wa kuchunguza ambaye hakupita kwa Remigius au kwa Romanus, na kwamba mji haukupewa ulinzi wa muda wakati shauri likisubiri. Kwa hakika jambo moja jema lilifanyika: kwa ombi la wajumbe, usimamizi wa mambo ya jeshi Tripolitania ulikabidhiwa kwa liwali Ruricius. Haukupita muda, ukarudishwa kwa Romanus. Kama agizo lile lingeachwa lifanye kazi, pengo la mfumo mzima lingekuwa limezibwa, na ninaamini mengi kati ya yaliyofuata yasingetokea.

Austoriani walirudi. Safari hii waliharibu ardhi ya Lepcis na ya Oea pia, wakaua madiwani wengi, miongoni mwao Rusticianus, aliyewahi kuwa kuhani wa jimbo, na Nicasius, ofisa wa mji. Habari zilimfikia Valentinianus akiwa Galia. Zikamgusa, akamtuma Palladius, ofisa wa jeshi na katibu wa kasri, aende Afrika kuwalipa mishahara askari waliotawanyika huko na kuchunguza kwa uaminifu yaliyotukia Tripolitania. Kazi mbili, mtu mmoja, safari moja.

Kabla Palladius hajafika, uvamizi wa tatu ulikuja, nao ulikuwa mbaya kuliko yote. Wavamizi walikata miti ya matunda na mizabibu, na hasara ya namna hiyo ni tofauti na kuporwa nafaka, kwa kuwa mzeituni mpya huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri. Katika viunga walimkamata Mychon, mtu wa ukoo bora na mwenye nguvu mjini. Alichopoka kabla hawajamfunga, lakini miguu yake ilikuwa na kilema na hakuwa na namna ya kukimbia, akajitupa ndani ya kisima kilichokauka. Wakamtoa akiwa amevunjika ubavu, wakampeleka mpaka karibu na lango la mji. Mkewe alilia na kusihi hadi akakombolewa. Hawakuthubutu kufungua lango. Alivutwa kwa kamba hadi juu ya ukuta, akafa baada ya siku mbili. Ndipo Austoriani wakaushambulia ukuta wenyewe, wanawake wa Lepcis wakipiga mayowe ndani, maana hawakuwahi katika maisha yao kuona mji wao ukizingirwa. Kuzingirwa kuliendelea siku nane. Baadhi ya washambuliaji walijeruhiwa, hawakupata kitu, wakarudi makwao. Ikumbukwe kwamba hakuna askari wa Romanus anayetajwa popote katika siku hizo nane. Mji ulijiokoa wenyewe kwa mawe ya ukuta wake.

Wajumbe wa kwanza walikuwa bado hawajarudi, kwa hiyo mji ukatuma wengine, Jovinus na Pancratius, waende kueleza yale waliyoyaona kwa macho yao. Walipofika Karthago waliwakuta Severus na Flaccianus na kuwauliza wamepata nini. Jibu lilikuwa kwamba wameamriwa wakasikilizwe na makamu na jemadari. Ndivyo walivyojua kwamba ombi la Romanus limekubaliwa. Severus aliugua na kufa hukohuko Karthago. Wenzake wawili wapya hawakukata tamaa, wakashika njia kwenda kasrini.

Palladius naye aliwasili Afrika akiwa na fedha za askari. Romanus, aliyejua safari hii inamhusu, hakumtisha wala hakumbembeleza. Kupitia watu wake wa siri aliwaagiza wakuu wa vikosi wampe Palladius, kama mtu mkubwa aliye karibu na kasri, sehemu kubwa ya zile fedha alizowaletea. Wakafanya hivyo. Katibu akatajirika kabla hajaanza uchunguzi, kisha akaenda Lepcis.

Mwenendo wake pale Lepcis unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu hapo ndipo shauri zima lilipokaribia kugeuka. Palladius alifanya uchunguzi wa kweli. Aliwachukua raia wawili wanaoheshimika na wenye ufasaha, Erechthius na Aristomenes, akatembea nao katika maeneo yaliyoharibiwa. Walimwonyesha kila kitu, wakamweleza bila kificho mateso yao na ya majirani zao. Aliona majivu. Akarudi kwa Romanus, akamlaumu kwa uzembe, akamwambia kwamba atamweleza Kaisari ukweli wote aliouona. Kwa maneno mengine, katika dakika ile mchunguzi aliyekwisha kupokea fedha alikuwa bado tayari kusema kweli. Romanus, kwa hasira, alimjibu kwamba yeye pia atapeleka taarifa: kwamba katibu aliyetumwa kama mtu asiyeweza kununuliwa ameila mishahara ya askari. Mazungumzo yakaishia hapo. Palladius alirudi kasrini na kumwambia Valentinianus kwamba watu wa Tripolitania wanalalamika bure.

Mlungula ule, basi, haukununua uongo wa Palladius papo hapo. Ulimfunga ili wakati ukifika asiweze kusema kweli. Romanus alifahamu kwamba mtu aliyepewa fedha anaweza bado kusukumwa na dhamiri, lakini aliyeshikwa siri hana pa kwenda. Aliyerahisisha mtego huo ni kasri lenyewe, kwa kumpa mchunguzi sanduku la fedha za watu anaotakiwa kuwachunguza.

Kuanzia hapo mambo yaligeuka kwa kasi ya kutisha. Pancratius alikuwa amefariki Trier, kwenye kasri la Kaisari, yapata kilomita 2,000 kutoka nyumbani kwake ukipima kwa mstari ulionyooka. Jovinus alirudishwa Afrika pamoja na Palladius, ili makamu na katibu wapime ukweli wa ujumbe wa pili. Na Kaisari aliamuru Erechthius na Aristomenes wakatwe ndimi, kwa kuwa Palladius alidai walisema maneno ya chuki. Raia hao wawili waliombwa waonyeshe uharibifu, wakauonyesha. Hilo ndilo kosa lao lote. Walipata habari mapema, wakatoroka na kujificha mbali.

Romanus alimtuma Lepcis msaidizi wake wa karibu pamoja na mshauri wake Caecilius, mzaliwa wa jimbo hilohilo. Ammianus anakiri hana hakika kama walitumia fedha au hila, ila matokeo anayo: raia wote walimgeuka Jovinus, wakathibitisha kwamba hawakumtuma kusema aliyoyasema. Jovinus mwenyewe alikiri kwamba alimdanganya Kaisari.

Si vigumu kuielewa hofu iliyowashika watu hao. Wajumbe wawili walikuwa wamekufa njiani. Raia wawili waliosema kweli mbele ya mchunguzi walikuwa wanasakwa ili wakatwe ndimi. Mtu waliyemlalamikia alikuwa bado ndiye pekee mwenye jeshi, na jangwa bado lilikuwa na Austoriani. Anayewashangaa madiwani hao kwa kukana ujumbe wao na ajiulize wangekwenda wapi na ukweli wao, wakati kila mlango waliokwisha kuubisha ulifunguliwa na mtu wa Romanus. Ninachokiona kigumu zaidi kukieleza ni kukiri kwa Jovinus, aliyejua wazi kwamba kukiri kwake ni kifo. Nadhani alikubali baada ya kuona kwamba hata mji wake haupo nyuma yake tena.

Valentinianus alikuwa mtu mwepesi wa adhabu. Alimhukumu kifo Jovinus kama mwanzilishi wa uongo, na pamoja naye Caelestinus, Concordius na Lucius kama washiriki. Alimhukumu pia Ruricius, liwali ambaye kosa lake lilikuwa kuandika taarifa ya kweli, na ambaye lugha ya taarifa yake ilionekana kupita kiasi. Ruricius aliuawa Sitifis. Wengine waliuawa Utica kwa hukumu ya makamu Crescens, kuelekea mwaka 370 au punde baada yake. Flaccianus, wa ujumbe wa kwanza, alikuwa amesikilizwa na makamu na jemadari kabla ya hapo na kujitetea kwa ushupavu, hata askari wenye hasira wakakaribia kumuua. Walimtupa gerezani akisubiri neno la Kaisari, akatoroka, inasemekana kwa kuwahonga walinzi, akaenda kujificha Roma na kufa huko kifo cha kawaida. Kati ya wajumbe wanne hakuna aliyepata haki. Wawili walikufa wakiwa safarini, mmoja kwa hukumu ya kifo, mmoja mafichoni.

Yaliyoufungua upya mkasa huu hayakutoka Lepcis. Magharibi ya mbali, mkuu mmoja wa Wamauri aliyeitwa Firmus aligombana na nduguye Zammac, rafiki wa Romanus, akamuua. Romanus alimshtaki kasrini kwa nguvu zote, na Remigius akahakikisha kwamba utetezi wa Firmus hausomwi mbele ya Kaisari. Njia ileile iliyotumika kuinyamazisha Lepcis ilitumika tena. Tofauti ni kwamba Firmus alikuwa na wapiganaji. Aliasi mwaka 372 au hivi, na dola ikalazimika kumtuma Theodosius, jemadari hodari, baba wa Kaisari wa baadaye mwenye jina hilohilo. Theodosius alimweka Romanus chini ya ulinzi na kupekua makaratasi yake. Humo alikuta barua ya mtu aliyeitwa Meterius, akimwandikia Romanus kama bwana na mlinzi wake, na kati ya mambo mengine yasiyohusika akamletea salamu za Palladius, aliyekuwa amekwisha kuondolewa kazini. Palladius, barua ilisema, anasema hakutupwa kwa sababu nyingine yoyote ila kwamba katika shauri la watu wa Tripolitania alisema uongo mbele ya masikio matakatifu ya Kaisari.

Barua ilipelekwa kasrini. Meterius alikamatwa, akakiri kuwa ni yake. Palladius akaagizwa aletwe. Usiku, kwenye kituo cha njiani, walinzi wake walipokuwa kanisani katika mkesha wa sikukuu ya Kikristo, akajinyonga. Remigius alikuwa amestaafu na kukaa mashambani karibu na Mainz. Mtumishi wake wa zamani aliteswa ili aseme bwana wake alipokea kiasi gani kutoka kwa Romanus, na Remigius alipopata habari hizo naye akajinyonga.

Valentinianus alifariki Novemba 375, na mwanawe Gratianus akashika mamlaka. Hapo ndipo Erechthius na Aristomenes walipojitokeza, wakiwa na ndimi zao, wakamweleza Kaisari mpya yaliyowapata. Shauri lilipelekwa kwa Hesperius, liwali wa Karthago, na makamu Flavianus, watu wawili ambao hawakuwa na deni kwa Romanus. Kwa mara ya kwanza tangu 363 kesi ya Lepcis ilisikilizwa na wasikilizaji huru, na haikuwachukua muda kupata ukweli: Caecilius, chini ya mateso, alikiri kwamba ndiye aliyewashawishi raia wawakane wajumbe wao. Katika magofu ya Lepcis imebaki tako la sanamu aliyosimamishiwa Flavianus, na juu yake wenyeji wa mji wanajitaja kuwa waaminifu na wasio na hatia. Sifa hizo mbili hazikuwekwa kwa mapambo. Mji uliohukumiwa kwa uongo ulizichonga juu ya jiwe mahali pa wazi ili kila mpita njia azisome.

Romanus hakunyamaza hata hapo. Alikwenda kasrini pamoja na Caecilius kuwashtaki Hesperius na Flavianus kwa upendeleo, akapokewa vyema na jemadari mkuu Merobaudes, akapata ruhusa ya kuita mashahidi zaidi. Mashahidi walisafirishwa hadi Milano, wakathibitisha kwamba wameitwa bila sababu, wakaruhusiwa kurudi. Simulizi linamwachia hapo, bila hukumu.

Msomaji mwangalifu atakumbuka kwamba Ammianus hakuwapenda maofisa wa Valentinianus, na mahali pengine anamlaumu Kaisari huyo wazi kwamba aliadhibu vikali makosa ya askari wadogo na kuyafumbia macho ya wakubwa. Mpangilio wa simulizi lake, pamoja na jicho la Haki analosema lilikuwa linatazama, unaonyesha mtu anayetaka wakosaji wafe vibaya. Hata hivyo, ukiondoa hukumu zake na kubakiza vitendo tu, bado unabaki na tako la sanamu, na barua iliyokutwa katika makaratasi ya mshtakiwa mwenyewe, na ungamo la Caecilius.

Kilichohitajika tangu mwanzo kilikuwa mtu wa karibu mwenye askari, anayewajibika kwa jimbo hilo moja, kama alivyokuwa Ruricius kwa muda mfupi ule. Kilikuja kwa kuchelewa. Sheria ya mwaka 393 imeandikwa kwa Silvanus, na cheo chake ni mkuu wa jeshi na msimamizi wa mpaka wa Tripolitania, jeshi na utawala wa raia vikiwa mikononi mwa mtu mmoja. Ilikuwa imepita miaka 30 hivi tangu Silva akamatwe shambani kwake. Austoriani hawakuwa wameisha: mwanzoni mwa karne ya 5 walikuwa wakiichoma Kirenaika, mashariki zaidi, na miji ya huko nayo ikawa inaandika barua kuomba askari.